Coulomb Kabla Hajawa Kanuni

Ukimwuliza mwanafunzi wa fizikia hapa chuoni Coulomb ni nani, hatakujibu kwa maneno. Atachukua kalamu akuandikie: k mara chaji ya kwanza mara chaji ya pili, gawanya kwa umbali kipeo cha pili. Halafu atasubiri umpe namba aanze kubonyeza kikokotoo. Mimi niko mwaka wa tatu, ualimu wa sayansi, masomo yangu ya kufundishia ni Fizikia na Hisabati, na nimeishi na jina hili tangu kidato cha tano. Limo vitabuni, limo kwenye desa, limo kwenye kila mtihani wa umeme tuli. Lakini mwenye jina alikuwa nani, aligombana na nani, na ilikuwaje mhandisi wa jeshi aliyejenga ngome akaishia kupima vijipira vidogo kama punje za mbaazi, hilo hatuulizi.

Nimeona nimsimulie, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya shida yetu kwenye maswali ya kani za umeme inatokana na kuipokea kanuni bila kuijua kazi iliyoizaa. Ukifuata maisha ya huyu bwana utaona kwamba miaka yote alikuwa akirudia swali moja tu: kitu hiki kimetulia, je, kinasukumwa na nini na kinazuiwa na nini? Mwenye kulishika swali hilo amekwisha kupata nusu ya majibu ya mada nzima.

Kijana aliyegombana na mama

Charles-Augustin de Coulomb alizaliwa tarehe 14 Juni 1736 katika mji wa Angoulême, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake, Henri, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Catherine Bajet, alitoka familia yenye uwezo. Familia ilihamia Paris mtoto akiwa bado mdogo, na huko akasomeshwa Collège Mazarin, shule nzuri ya wakati ule, ambako hisabati na elimu ya nyota vilimkolea.

Hapo ndipo mambo ya nyumbani yalipoharibika. Mama alitaka kijana awe daktari. Kijana hakutaka hata kusikia. Yeye alitaka hesabu. Wakati huohuo baba akawa ametia fedha zake katika biashara za kubahatisha, zikapotea, akahamia Montpellier huku mama akibaki Paris. Ugomvi wa mama na mwana ukafika pabaya mpaka mama akamkana. Charles akafunga mizigo, akamfuata baba.

Nikifika hapo huwa nacheka kidogo kisha nanyamaza. Upande wetu wa ualimu tumejaa watu ambao nyumbani walitarajiwa kuvaa koti jeupe. Kuna wenzangu ambao mpaka leo shangazi akipiga simu swali la kwanza ni lini watabadilisha kozi. Basi mjue, ndugu zangu, kwamba hatukuanza sisi.

Kule Montpellier, mwaka 1757, akiwa na umri kama wetu, alipokewa kuwa mwanachama mdogo wa Jumuiya ya Sayansi ya mji ule na akawasomea wakubwa maandiko yake ya hisabati na nyota. Sifa ilikuwapo, ila sifa hailipi kodi ya chumba. Kijana asiye na mali wala mama wa kumtegemea alihitaji kazi yenye mshahara, na kazi ya namna hiyo kwa mtu wa hesabu ilikuwa uhandisi wa jeshi. Februari 1760 akaingia chuo cha wahandisi wa kijeshi cha Mézières, na Novemba 1761 akatoka akiwa luteni.

Miaka minane kisiwani

Alianzia Brest, mji wa bandari. Kisha mwaka 1764 akatumwa Martinique, kisiwa cha Karibea kilichokuwa koloni la Ufaransa. Waingereza walikuwa wamekiteka mwaka 1762 na kukirudisha kwa mkataba wa amani wa 1763, kwa hiyo Wafaransa walitaka ngome imara isije ikatokea tena. Kazi ya kujenga ngome hiyo, iliyoitwa Fort Bourbon, ikamwangukia Coulomb. Tusipambe historia: kisiwa kile kiliishi kwa sukari, na sukari ile ililimwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Ngome aliyoijenga ililinda mali ya namna hiyo. Mtu anaweza kuwa na akili nyingi na bado akawa mtumishi wa mfumo mbaya, na sisi tunaomsoma tunapaswa kuyajua yote mawili.

Alikaa huko miaka 8. Aliugua mara kadhaa, tena vibaya, na afya yake haikurudi kuwa kama zamani. Lakini kazi ile ndiyo iliyomfundisha. Ukuta wa ngome unaozuia kilima cha udongo una maswali yake. Udongo unataka kuporomoka. Kinachouzuia ni msuguano wa chembe zake zenyewe pamoja na uzito wa ukuta. Ukijenga ukuta mwembamba, unaanguka. Ukijenga mnene kupita kiasi, umemaliza fedha za mfalme. Lazima ujue kani zinalingana wapi.

Aliporudi Ufaransa mwaka 1772 alikuwa na maandishi mkobani. Mwaka 1773 aliyawasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris: hesabu za nguzo, matao na kuta za kuzuia udongo. Wenzetu wa uhandisi ujenzi wanalikuta jina lake hapo hapo, kwenye mgandamizo wa udongo, na wengi wanadhani ni Coulomb mwingine. Ni yuleyule.

Kutoka udongo hadi waya

Baada ya hapo aliendelea kuhamishwa kituo hadi kituo, kama askari yeyote, huku usiku akishindania tuzo za Akademia. Mwaka 1777 alipata tuzo, akigawana na mwenzake, kwa andiko la namna ya kutengeneza dira bora. Tatizo la dira ni msuguano: sindano ya sumaku ikikalia ncha ya chuma, ncha ile huizuia isigeuke kwa uhuru. Coulomb alishauri sindano ining'inizwe kwa uzi mwembamba. Vizuri, lakini uzi nao ukisokotwa unataka kujirudi. Je, unarudi kwa kani kiasi gani? Swali hilo alitembea nalo miaka.

Mwaka 1779 alipelekwa Rochefort, na katika karakana za meli za kule akafanya majaribio makubwa ya msuguano: mbao juu ya mbao, chuma juu ya mbao, kamba kwenye magurudumu, kwa mizigo ya kweli. Andiko lake likashinda tuzo mwaka 1781, na mwishoni mwa mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia. Alikuwa na miaka 45. Kuanzia hapo maskani yake yakawa Paris.

Msidhani maisha yalinyooka. Mwaka 1783 alitumwa Bretagne kukagua mpango wa mifereji na bandari. Alichokiandika hakikuwafurahisha wakubwa, na katika vuta nikuvute ile yeye ndiye aliyelala gerezani wiki nzima. Akatoka, akarudi kwenye waya zake.

Mwaka 1784 ndipo alipotoa jibu la lile swali la uzi. Aliuning'iniza waya wa chuma au shaba nyeupe, akafunga uzito chini, akausokota na kuuachia, akahesabu muda wa kuzunguka kwenda na kurudi. Akapata kwamba kani ya waya kujirudi inakua sawasawa na pembe uliyousokota: ukisokota mara mbili, unakataa mara mbili. Akapata pia kwamba waya mrefu ni laini zaidi, na kwamba unene una nguvu ya ajabu: waya wenye kipenyo mara mbili unakataa mara 16. Kwa hiyo ukichukua waya mwembamba sana na mrefu, umepata mizani inayoweza kupima kani ndogo ambayo mizani ya dukani isingeihisi hata kidogo.

Namba tatu za mwaka 1785

Sasa ndipo umeme unapoingia. Watu walijua tangu zamani kwamba kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi, na kwamba vitu viwili vyenye chaji za aina moja husukumana. Kilichokosekana ni kipimo. Kani ile inapungua vipi umbali ukiongezeka?

Coulomb alichukua chombo cha kioo cha mviringo ili upepo usiingie. Juu yake akasimamisha mrija mrefu, ndani ya mrija akaning'iniza waya mwembamba wa fedha. Chini ya waya, kijiti chepesi kimelala mlalo, na ncha moja ina kijipira cha kiini cha mti. Kijipira cha pili kimetulizwa mahali pake, kikigusana na cha kwanza. Juu kabisa kuna kitufe cha kuusokotea waya, chenye alama za digrii.

Akavipa chaji kwa kuvigusa na kichwa cha pini chenye umeme. Kwa kuwa vinafanana na vinagusana, viligawana chaji sawa kwa sawa, vikasukumana. Kijiti kikazunguka na kutulia kikiwa digrii 36 mbali. Waya umesokotwa digrii 36, basi.

Kisha akageuza kitufe cha juu digrii 126 kuelekea upande wa pili, yaani akalazimisha vijipira visogeleane. Vikatulia vikiwa digrii 18 mbali. Msokoto wote wa waya sasa ni 126 kujumlisha 18, yaani 144. Tazama hapo: umbali umekuwa nusu, kutoka 36 hadi 18, na kani imetoka 36 hadi 144. Mara nne.

Akageuza tena mpaka digrii 567. Vijipira vikatulia digrii 8 na nusu mbali. Jumla ni 575 na nusu. Umbali ni karibu robo ya ule wa kwanza, na 36 mara 16 ni 576.

Hivyo tu. Namba tatu. Umbali ukipungua nusu, kani inaongezeka mara nne. Ukiwa robo, mara 16. Hiyo ndiyo maana ya kugawanya kwa kipeo cha pili cha umbali, ile alama ndogo ya mbili ambayo mtu akiisahau kwenye mtihani amekwisha.

Lakini niwe mkweli kwenu. Robo ya 36 ni 9, na yeye alipata 8 na nusu. Ukiifuata kanuni kwa ukali, kwa umbali wa 8 na nusu msokoto ungefika karibu 650. Miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani walijaribu kuunda upya mizani ile na wakapata taabu kubwa kuzirudia namba zake. Baadaye mtafiti mwingine aliyefuata maelezo yake kwa makini zaidi akafanikiwa. Coulomb mwenyewe hakuficha kwamba chaji huvuja polepole hewani wakati wa jaribio. Tena hakuishia kulalamika: andiko lake la tatu lilihusu uvujaji huo, na ndani yake akapima jinsi unyevu wa hewa unavyouongeza.

Hilo la unyevu sisi wa pwani tunalijua kwa vitendo hata kama hatulijui kwa jina. Sugua rula ya plastiki kwenye nywele hapa Dar es Salaam mwezi wa nne, mvua imetoka kunyesha, uone kama itainua kipande cha karatasi. Nenda Dodoma mwezi wa saba, hewa kavu, rula ileile inanyanyua vipande kama mchezo. Mwalimu asiyelijua hili atawaambia wanafunzi jaribio limekataa. Anayelijua atawaambia chaji imepita kwenye unyevu, na hapo somo limeanza.

Kuvutana kulikuwa kugumu zaidi

Kwa vitu vinavyovutana, mizani ile ilimsumbua. Vijipira vikikaribiana kidogo tu kani inakua haraka kuliko waya unavyoweza kukataa, vinabamizana na chaji inapotea. Akabadili njia. Akaning'iniza kijiti chepesi chenye chaji mbele ya tufe kubwa lenye chaji ya aina nyingine, akakisukuma kidogo kikawa kinacheza kwenda na kurudi kama pendulamu. Kani ikiwa kubwa, kinacheza upesi. Ikiwa ndogo, kinacheza polepole. Kama kanuni ya kipeo cha pili ni kweli, muda wa kucheza lazima ukue sawasawa na umbali.

Aliweka umbali wa inchi za Kifaransa 9, kisha 18, kisha 24, akihesabu michezo 15 kila mara. Akapata sekunde 20, kisha 41, kisha 60. Hesabu ilitaka 20, 40 na 54. Namba ya mwisho haikukaa sawa, naye akaiandika hivyohivyo, akaeleza kwamba chaji ilikuwa imepungua wakati jaribio likiendelea. Wangapi kati yetu tukiwa maabara, jibu likitoka 60 na kitabu kinataka 54, tunaandika 54? Sisemi zaidi.

Haki iwaendee na wengine. Joseph Priestley wa Uingereza alikuwa ameikisia kanuni hii mwaka 1767. John Robison wa Scotland alipima mapema kuliko Coulomb, na Henry Cavendish alikuwa na jaribio zuri sana, ila hakulichapisha. Dunia ililisoma mwaka 1879, muda mrefu baada ya yeye kufa. Coulomb alipima, akaandika, akaweka hadharani namna ya kurudia. Ndiyo maana jina ni lake.

Swali la kidato cha tano

Katika mazoezi ya kufundisha mwaka jana, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano aliniuliza Coulomb aliipataje ile k, tisa yenye sifuri tisa nyuma yake. Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kusikia. Jibu ni kwamba hakuipata, wala hakuihitaji. Hakuwa na kizio cha chaji. Kizio kinachoitwa kwa jina lake kilipitishwa na mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881, miaka 75 baada ya kifo chake. Yeye alifanya kazi kwa uwiano: mara mbili, nusu, mara nne, robo.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu, hasa tunaokwenda kufundisha, tusimame. Maswali mengi ya kani za umeme yanajibika kwa njia yake bila kikokotoo. Chaji moja ikiongezwa mara mbili na umbali ukapunguzwa nusu, kani inakuwaje? Mara mbili kwa chaji, mara nne kwa umbali, jumla mara nane. Kwisha. Chaji mbili za aina moja, ya kwanza kubwa mara nne ya pili, ziko sentimita 30 mbali: chaji ya tatu ikiwekwa katikati yake itatulia wapi? Itatulia pale ambapo pande mbili zinaisukuma sawa. Chaji kubwa ina nguvu mara nne, kwa hiyo inahitaji umbali mara mbili. Sentimita 20 kutoka kubwa, 10 kutoka ndogo. Hujagusa k.

Na pale namba zinapohitajika kweli, bado swali la kwanza ni lilelile la ukuta wa ngome. Chukua vijipira viwili, kila kimoja kina uzito wa gramu 0.2, vimening'inizwa kwa nyuzi za sentimita 50 kutoka msumari mmoja. Vimepewa chaji sawa, vikaachana sentimita 6. Tafuta chaji. Wengi hukimbilia kanuni, halafu wanakwama kwa sababu kani haijatajwa. Chora kwanza. Kijipira kimoja kina kani tatu: uzito unakivuta chini, uzi unakivuta juu kwa mshazari, umeme unakisukuma pembeni. Kimetulia, kwa hiyo zinalingana. Uzito ni newtoni 0.002. Uzi umeinama sentimita 3 katika 50, yaani 0.06. Kani ya umeme ni 0.002 mara 0.06, newtoni 0.00012. Sasa ndiyo uite kanuni, na chaji inatoka karibu bilioni-saba ya coulomb, namaanisha coulomb 7 ukizigawa kwa bilioni.

Jibu dogo hivyo huwatia watu wasiwasi, wanadhani wamekosea. Hawajakosea. Coulomb moja ni kitu kikubwa mno. Ukiweza kuweka coulomb moja hapa na nyingine mita moja pale, zingesukumana kwa newtoni bilioni 9, sawa na uzito wa tani 900,000. Hayo ni malori 30,000, kila moja likiwa na tani 30. Mwanafunzi akipata jibu la coulomb 7 kwa kijipira cha gramu 0.2, ajue palepale kwamba desimali imemkimbia.

Jambo jingine la kufundisha: ile alama ya hasi iachwe nje ya kikokotoo. Tumia kanuni kupata ukubwa wa kani, kisha mchoro ukuambie inaelekea wapi. Chaji za aina moja zinasukumana, tofauti zinavutana. Ukiingiza hasi kwenye hesabu halafu tena ukageuza mshale, umegeuza mara mbili.

Mapinduzi, shamba, na shule

Turudi kwa mzee. Kati ya 1785 na 1791 aliandika maandiko saba ya umeme na sumaku, akaonyesha kwamba sumaku nazo zinafuata kipeo cha pili cha umbali, na kwamba chaji ya kipande cha chuma hukaa juu ya uso wake. Wakati huo Mapinduzi ya Ufaransa yalikwisha kuanza. Mwaka 1791 aliacha jeshi akiwa luteni kanali. Agosti 1793 Akademia ikafungwa, na Desemba mwaka huo akaondolewa kwenye tume ya mizani na vipimo pamoja na Laplace na Lavoisier. Lavoisier alikatwa kichwa Mei 1794. Coulomb alikuwa amekwisha kuondoka Paris, yuko shambani kwake karibu na Blois pamoja na rafiki yake Borda. Mambo yalipotulia na chombo kipya cha wanazuoni kikaundwa mwaka 1795, akarudi.

Kazi yake ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi mimi wa ualimu. Kuanzia mwaka 1802 alikuwa mkaguzi mkuu wa elimu ya umma, akishughulika na kuanzishwa kwa shule za sekondari za serikali nchini Ufaransa, zile ziitwazo lycée. Mtu mwenye afya iliyovunjika tangu Martinique, mwenye jina tayari, alitumia miaka yake ya mwisho kwenye shule. Alifariki Paris tarehe 23 Agosti 1806, akiwa na miaka 70. Jina lake liko kati ya majina 72 yaliyoandikwa kwenye mnara wa Eiffel, na liko mwisho wa majibu yetu yote ya umeme tuli.

Mwezi ujao wengi wetu tunaosoma ualimu tutatawanyika tena mashuleni. Maabara nyingine tutazikuta zina meza na madirisha tu. Kuwapa wanafunzi kanuni wakaikariri ni rahisi, na mtihani wa mwisho huenda wakapita. Lakini uzi wa cherehani upo kila mahali, na vipande viwili vya karatasi ya fedha ya pakiti vikifinyangwa vinakuwa vijipira. Rula ipo. Waache waone vijipira vikiachana, wapime kwa rula hiyohiyo, wachore mishale mitatu, na namba ikikataa kulingana na kitabu waiandike kama ilivyo, kisha watafute kwa nini.